Nanasi la Mapovu

Siku Mapovu alipoiaga dunia, ndoo yake ya bia ilikuwa ingali inabubujika chumba cha nyuma.

Asubuhi ile alitoka kama kawaida yake, mkoba wa kazi begani na kofia ya idara ya maji kichwani. Alipopita jikoni alinyakua kipande cha mkate mkononi mwa dada yake, wakati sahani nzima ilikuwa mezani.

"Mwizi!" dada yake akapiga kelele.

"Mwizi hula akikimbia," akajibu, na kweli akakimbia.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, nyumba hadi nyumba. Kabla ya adhuhuri aliketi kwenye ngazi za nyumba ya mteja mmoja, akaweka mkono kifuani, akaomba maji ya kunywa. Mwenye nyumba akaingia ndani kuyaleta. Aliporudi na glasi hakukuwa tena na wa kuyanywa.

Moyo, walisema madaktari. Ulisimama bila hata kubisha hodi.

Nyumba ikajaa watu. Viti vikaazimwa, masufuria yakaazimwa, hata machozi mengine yalionekana kama ya kuazima. Mama alikaa kwenye mkeka akipokea mikono ya watu bila kuwatazama nyuso. Dada wa marehemu, ambaye kaka yake alimbandika jina la Miwani tangu walipokuwa wadogo, alikuwa akijipenyeza chumba cha nyuma kila alipopata upenyo, anakaa sakafuni kando ya ndoo. Mapovu alikuwa ameifunga mfuniko kwa nguvu, akatoboa tundu, akapitisha mpira mwembamba uliozama kwenye chupa ya maji. Kila mara hewa ya ndani ilitoka kwa mpira ule na kufanya kiputo majini. Blupu. Kimya. Blupu.

Mwenyewe ameondoka, pombe yake inapumua. Miwani aliisikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa aliyepata nafuu.

Katika wiki ya tatu ikanyamaza. Miwani alitoka kazini, akaingia, akasubiri, akasubiri tena. Maji ya chupa yalikuwa yametulia tuli. Siku ya mazishi hakuwa amelia mbele za watu, lakini siku ile alilia mpaka lenzi za miwani yake zikaingia ukungu.

Ila alijua maana yake. Ndoo ikinyamaza, bia imemaliza chakula chake. Huo ndio wakati wa kuitia matunda.

*

Alijua kwa sababu alikuwa amesikia masomo hayo Jumamosi baada ya Jumamosi, akijifanya anapita tu kuchukua ndoo ya kufulia. Waliokuwa wakitengeneza bia chumbani mle walikuwa wawili: kaka yake na Cheche.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa mtaa wa pili, na jina lake lilitokana na kazi yake, ingawa Mapovu alidai linatokana na akili yake, "inawaka mara moja, inazimika hapohapo." Walikuwa kama chanda na pete. Walipika kimea, wakabishana, wakatia hamira, wakabishana. Mara moja walikuwa na haraka ya kuonja bia ya pasheni, wakaijaza kwenye chupa kabla matunda hayajamaliza kuchacha, wakazificha chini ya kitanda cha Mama. Zikapasuka mchana wa Jumapili, moja baada ya nyingine. Mama alipiga kelele za mwizi. Shangazi, aliyekuja kusalimia, alikutwa ndani ya kabati la nguo.

Na Miwani alimpenda Cheche. Haikuwa siri ya jana.

Yeye alifanya kazi kwenye duka la miwani, chumba cha nyuma, kwenye mashine ya kuchonga lenzi. Siku Cheche alipokwenda kupima macho, mpimaji alikuwa nje, ikabidi Miwani ndiye ashike rula ndogo na kupima umbali kati ya mboni na mboni. Kazi yenyewe ni ya muda wa kupiga chafya. Mteja anaangalia mbele, fundi anasoma rula, basi. Lakini Cheche aliangalia mbele, na mbele alikuwepo yeye. Rula ikatetemeka.

"Tulia," Miwani alimwambia.

"Mimi nimetulia. Inayocheza ni hiyo rula."

Alipima mara tatu, na mara zote tatu alipata jibu tofauti. Tangu hapo miwani ya Cheche ikawa inalegea kila wiki. Skrubu zile, kama zingekuwa na mdomo, zingeomba kuachwa zipumzike.

Aliyeng'amua kwanza ni Mapovu. Hakukasirika. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Mama hatapenda haraka. Shangazi ndiyo kabisa. Niachieni. Natengeneza bia ya nanasi. Siku ya kuifungua, na sisi tunafungua midomo."

Bia ile ndiyo iliyokuwa ndooni, nayo ilikuwa bado haijaonja nanasi.

*

Baada ya siku za msiba, Cheche aliendelea kuja. Alirudisha viti vya watu, akalikaza bati lililolegea, akachota maji. Siku moja Mama alimsindikiza hadi nje, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwanangu. Umetutendea mema ambayo sitayasahau. Sasa na wewe nenda kwenu ukapumzike."

Maneno yalikuwa matamu kama asali, lakini mwenye akili alisikia mlango ukifungwa ndani yake. Aliyekuwa akimleta nyumbani pale hayupo, basi yeye anakuja kwa nani? Cheche hakuwa mtu wa kujipendekeza. Akaacha kuja. Hata skrubu zikaacha kulegea.

Kisha Ijumaa ukaingia ujumbe kwenye simu ya Miwani: *Jumatatu naondoka. Nimepata kazi ya kuunda matangi, mbali, mwaka mzima. Tunza macho yako.*

Aliusoma akiwa mbele ya mashine, lenzi ya mteja ikaungua ukingoni.

Jumamosi asubuhi Shangazi akaja na ufagio, kilemba amekikaza kama anakwenda vitani.

"Nahamia keshokutwa," alitangaza kabla ya kuketi. "Mama yako hawezi kukaa na upweke huu. Chumba cha nyuma kinanitosha. Kwanza tumwage hiyo ndoo."

"Haimwagwi, Shangazi."

"Kwani ni mpangaji? Ndoo ya marehemu imekaa imefura kama inadai kodi! Mimi siwezi kulala na kitu kilichokuwa kinaongea."

"Imeshanyamaza."

"Ndiyo mbaya zaidi! Kilichokuwa kinaongea kikinyamaza ujue kinawaza." Akaegemeza ufagio ukutani, akashusha sauti kidogo tu, maana sauti ya Shangazi haikuwa na sehemu ya chini. "Halafu, mwanangu, kuna kijana nataka ukutane naye. Karani wa benki. Mpole. Mikono laini kama pamba mpya."

"Pamba nitaifanyia nini?"

"Afadhali pamba kuliko misasa. Unadhani sijui? Yule mchoma vyuma alikuwa anakuja hapa kwa bia peke yake? Mimi ni mtu mzima. Nimeona mtu akiangalia bia, na nimeona mtu akiangalia mtu."

Miwani alimtazama mama yake, aliyekuwa akichambua mchele karibu na dirisha. Mama hakuinua kichwa, ila vidole vyake vilikuwa vimesimama.

Hapo ndipo Miwani alipoamua. Alihisi kitu kikikaa sawa ndani yake, kama lenzi inapoingia kwenye fremu: inakataa, inakataa, halafu tik. Akachukua kikapu, akatoka hadi uani, akapiga simu.

"Haloo," sauti ya Cheche ikaja, nyuma yake kelele za karakana.

"Ndoo imenyamaza."

Kelele zilizimwa. "Lini?"

"Siku nne sasa. Shangazi anataka kuimwaga. Nakwenda sokoni kununua mananasi. Nikirudi nikukute hapa."

"Miwani... Mama alishaniambia."

"Mama alikwambia ukapumzike. Hujapumzika bado?"

"Si hivyo. Mimi sitaki kumletea mzazi—"

"Mimi ndiye ninayekuita. Ukiona aibu kuja kwa ajili yangu, njoo kwa ajili ya bia. Lakini uje."

Akakata simu kabla ujasiri haujamwishia.

*

Alirudi na mananasi matatu. Alikuwa ameyanusa yote sokoni hadi muuzaji akamuuliza kama ananunua matunda au manukato. Cheche alikuwa amesimama chumba cha nyuma, mikono nyuma, kama mgeni kwenye nyumba ya maonyesho. Alikuwa amepungua. Shati lilimning'inia mabegani. Kofia ya Mapovu ilikuwa bado kwenye msumari, na yeye alikuwa anaangalia kila kitu isipokuwa kofia hiyo na isipokuwa Miwani.

"Umekuja," Miwani alisema.

"Shangazi yako amenifungulia. Amenitazama kama bili ya umeme."

"Atazoea."

"Hatapata muda wa kuzoea."

Waliinama pamoja kufungua mfuniko. Harufu ikapanda, ya mkate uliochachuka kidogo, nzito, safi. Ilikuwa harufu ya kila Jumamosi ya maisha yao ya nyuma, na aliyekuwa akiileta hayupo. Cheche alichota kidogo kwa kijiko, akaonja, akampa Miwani aonje kwa kijiko hichohicho.

"Imekaa vizuri," alisema. "Huyu jamaa... imekaa vizuri sana. Haya. Tumenye, tukatekate, tufunge kwenye kitambaa, tutumbukize."

"Kwanza tunalipasha moto."

Cheche aliinua kichwa. "Hapana. Mapovu alisema linaingia hivihivi, bila moto."

"Mapovu alishaitengeneza bia ya nanasi mara mbili bila moto, na mara mbili haikushika povu. Ililala kwenye glasi kama maji ya bwawa. Mtu anaitwa Mapovu, bia yake haina povu! Wewe mwenyewe ulimcheka wiki nzima."

"Nilimcheka akiwa hai."

"Na wewe ndiye uliyesema moto ujaribiwe."

"Nilisema, yeye akakataa. Alisema moto utaua ladha, atapata njia yake mwenyewe." Cheche aliliweka nanasi chini taratibu. "Miwani, hii ni ya mwisho. Hakuna nyingine aliyoianza yeye. Nataka kitu kimoja tu kifanyike kama alivyotaka. Hata kama alikosea. Mimi nani nibadilishe?"

"Wewe ndiye uliyebaki."

"Ndiyo maana siwezi!"

"Na mimi je, sikubaki?" Miwani alisimama. Sauti yake haikupanda, ila ilinyooka. "Tangu siku ile, nyumba hii inabebwa kama yai. Kofia isiguswe. Kitanda kisiguswe. Jina lisitajwe, Mama asije akaumia. Nimechoka, Cheche. Nataka kitu chake kimoja kiishe vizuri. Kaka yangu alikuwa na makosa, na mimi nilimpenda na makosa yake, lakini sitayarudia ili kuonyesha kwamba nilimpenda. Nataka bia yenye povu. Nataka watu wainywe wacheke, wamseme."

Cheche aliangalia dirisha. "Ifanye unavyotaka. Mimi Jumatatu sipo."

"Niangalie."

"Naangalia."

"Unaangalia pazia. Nimeyapima macho yako mara tatu, nayajua yanakokaa yakidanganya. Niangalie."

Akageuka. Kwenye kona ya jicho la kushoto kulikuwa na kovu dogo la cheche ya moto, na juu ya kovu hilo, unyevu. Hakuufuta. Walitazamana hivyo kwa kitambo, bia imefunguliwa katikati yao, na kila mmoja akaona ni kiasi gani mwenzake amekonda.

"Sikukuita nikubembeleze ubaki," Miwani alisema polepole. "Kama unataka matangi, nenda, kazi ni kazi. Ila usiende kwa sababu aliyekuwa anakufungulia mlango amekufa. Mlango huu na mimi naweza kuufungua. Chagua huku unaniangalia."

Cheche alifungua mdomo. Lakini aliyesikika hakuwa yeye.

"Nanasi ambalo halijaona moto linakula nyama."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sinia la mchele bado mkononi. Nyuma yake shingo ya Shangazi ilichungulia kama ya twiga.

"Shikamoo, Mama," Cheche alisema, akirudi hatua moja nyuma.

"Marahaba. Nasema, linakula nyama. Kuku akiwa mgumu kama kiatu, mimi nampaka nanasi. Ukichelewa kumwosha, mfupa unatoka wenyewe. Nyama imeshindwa nalo, hilo povu litaweza? Likipashwa moto linang'oka meno. Likipoa, linabaki tamu tu."

Walimtazama wote wawili.

"Ulikuwa unajua?" Miwani aliuliza. "Wakati wote ule akihangaika?"

"Aliniuliza? Alinifukuza humu, ati mikono yangu inanuka vitunguu, itamharibia bia." Mama akaweka sinia juu ya kitanda kile ambacho hakikuwa kimeguswa tangu msiba, kana kwamba hakukumbuka, na mchele kidogo ukamwagika kwenye shuka. "Mtoto huyu hakuuliza mtu kitu. Hata kifo hakukiuliza."

Shangazi alijipenyeza. "Basi si mmeona? Bia yenyewe ina mkosi. Tumwage, huyu kijana aende zake salama, na—"

"Wifi, nyamaza kidogo," Mama alisema bila ukali. Shangazi akanyamaza, jambo ambalo ukoo mzima ungelipia kiingilio kuliona.

Mama alimgeukia Cheche. "Mwanangu, ulikasirika nilipokwambia ukapumzike?"

"Sikukasirika, Mama."

"Uliumia."

"Niliumia."

"Mimi sina ugomvi na wewe. Mlikuwa mnaingia wawili. Mmoja akipita mlangoni, nasubiri wa pili, ndipo napakua chakula. Baada ya msiba ukawa unaingia peke yako, na kila ukiingia shingo yangu inageuka yenyewe kumtafuta wa nyuma yako. Naona hewa. Kila siku naona hewa. Sikukufukuza wewe. Nilikuwa naipumzisha shingo yangu."

Nje mtu alikuwa akipiga misumari mahali fulani. Cheche alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaishika tu mkononi.

"Na mimi naangalia nyuma, Mama," alisema. "Karakana nikipata wazo, nageuka nimwambie."

Miwani aliona kwamba wakati ndio huu. Kama atausubiri ulio bora kuliko huu, atausubiri akiwa na mvi. Akasogea, akasimama kando ya Cheche, bega kwa bega, wote wakimwelekea mama yake.

"Mama, mimi nampenda huyu."

"Yalaaa," Shangazi alisema kwa pumzi.

"Nampenda tangu kabla. Isije ikasemwa ni huzuni imetusukuma, kwamba tumeshikana kwa sababu tumefiwa. Mapovu alikuwepo, na alijua."

Uso wa Mama ukabadilika. "Alijua? Mapovu? Alijua akaninyima habari?"

"Alitaka tukwambie siku ya kufungua bia hii," Cheche alisema. "Alisema tusithubutu kukwambia kabla hujashika glasi. Alisema mkono ukiwa mtupu, utashika mwiko."

Kwanza Mama alikunja uso. Halafu kitu kikamtoka kifuani, wakadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Akacheka akishikilia fremu ya mlango, na katikati ya kicheko machozi yakaingia, vikachanganyika, asijue kipi akizuie.

"Mwiko!" alisema. "Mjinga yule. Ningempiga yeye kwanza."

"Sasa wewe unacheka nini?" Shangazi alifoka. "Mtoto wako anaolewa na mtu anayenuka moshi wa vyuma! Karani wa watu nitamwambia nini?"

"Mwambie aendelee kuhesabu," Mama alijibu, akijifuta kwa upande wa kanga. Kisha akamkazia macho binti yake. "Mimi sijasema ndiyo."

"Nimesikia, Mama. Leo sikuombi ndiyo. Leo nakuomba sufuria yako kubwa."

"Na wewe," Mama alimgeukia Cheche, "nimesikia unasafiri. Mwanangu hatasubiri mtu kwenye dirisha. Baba yake alinisubirisha miaka miwili kwa kazi za mbali, mpaka nikasahau sura yake, alipokuja nikamwambia wenye nyumba hawapo. Unakwenda au huendi?"

Cheche alivaa miwani yake. Alimtazama Miwani, si pazia, si ukuta.

"Siendi," alisema. "Wenye matangi nitawapigia leo. Mama, na mimi sitaki kuingia hapa kwa kisingizio cha bia tena. Jumapili nitakuja, nivae vizuri, niseme ninachotaka kusema."

"Jumapili ipi?"

"Ya keshokutwa... Hapana, kesho."

"Kesho hapana. Kesho sijajiandaa kukukatalia. Njoo Jumapili ijayo. Na usije peke yako, mtu mzima haji kuongea mambo mazito peke yake kama anakuja kuazima chumvi." Mama alikunja mikono ya blauzi. "Leta hicho kisu, Miwani. Unamenya nanasi kama unachonga penseli."

*

Jioni hiyo jikoni palinukia nanasi hadi mtaani. Mama alisimamia moto: uwe mdogo, mvuke upande, lakini lisitokote likageuka jamu. Alikoroga kwa mwiko, na kila mara alimwinulia Cheche mwiko huo bila kusema neno, naye akainamisha kichwa kama anayekwepa. Shangazi alikaa kwenye kiti mlangoni akisema kwamba yeye hayumo, kisha akasema vipande ni vikubwa mno, kisha akachukua kisu.

Cheche alichemsha kitambaa cheupe, akakikamua. Walipojaza nanasi lililopoa na kufunga fundo, mikono yao ilikutana ndani ya kitambaa, yake migumu yenye makovu, ya Miwani laini yenye vumbi la lenzi. Haikuwa na haraka ya kuachana. Mama aliona. Akageuka kuosha kijiko kilichokuwa tayari kimeoshwa.

Wakakishusha kitambaa ndooni polepole, wakafunga mfuniko, wakaurudisha mpira kwenye chupa ya maji.

"Usije ukaijaza kwenye chupa kabla haijamaliza," Mama alionya. "Kabati langu sasa limejaa nguo, halina nafasi ya mtu."

"Mimi nilikuwa natafuta shali!" Shangazi alisema.

Asubuhi ya pili yake maji ya chupa yalianza tena kutoa viputo. Kwanza kimoja, kisha mfululizo. Miwani alimwita mama yake aje asikie. Mama alikuja, akasimama, akasikiliza, akavua kofia ya Mapovu msumarini na kuipiga vumbi, kisha akairudisha palepale.

Shangazi amehamia kama alivyoahidi. Anasema bia inamkosesha usingizi, lakini hataki ihamishwe. Wenye matangi wamempata fundi mwingine. Karani wa benki ameambiwa.

Jumapili saa kumi Cheche anakuja na mjomba wake kuzungumza na Mama.